Kipozamataza wa Nyumba Yako

Dada yangu Hafsa alichumbiwa Ijumaa baada ya swala, kwa barua iliyoandikwa kwa ajili yangu.

Msinicheke kwanza. Hata mimi ningekuwa nasimuliwa ningecheka. Lakini siku ile nilikuwa nimekaa mkekani, namsikiliza dada yangu akimsomea baba barua ya posa, na kila mstari ulionipita masikioni nilijua unanihusu mimi. Baba macho yake yameingia ukungu mwaka wa nne sasa. Barua zote za nyumba yetu, ziwe za serikali kutoka posto, za msikitini au za jamaa wa Mtwara, msomaji wake ni Hafsa. Na hiyo akaisoma, polepole, kwa sauti yake ileile ndogo:

“Mzee Fauzi, kwa heshima na taadhima, naomba unipe kipozamataza wa nyumba yako, ndege yule ambaye sauti yake husikika kabla mwenyewe hajaonekana, ambaye asubuhi haianzi mpaka aseme yeye.”

Chini kulikuwa na saini ya Rizuane, professor wa Kireno, Quionga. Jina la binti halikuwamo.

Sasa kwetu sisi, barua ya posa ikija bila jina hakuna anayehangaika kuuliza. Ni ya mkubwa. Ndivyo alivyoozwa shangazi yangu, na ndivyo alivyoozwa mama yake. Baba alicheka kidogo, akasema hawa waalimu wana maneno mengi, lakini kijana ana adabu, hakutaka kulitaja ovyo jina la mtoto wa watu. Kisha akageuza uso upande wa Hafsa.

“Mwanangu, umeisikia mwenyewe. Unasemaje?”

Hafsa aliikunja barua, akainamisha kichwa, akanyamaza. Na mwali akinyamaza ndiyo amekubali. Dini imesema, mila nayo imesema. Jioni ile baba akamwambia Bwana Mussagy, karani wa posto aliyekuwa mshenga, kwamba posa imekubaliwa, aje Jumapili alasiri kuchukua jibu la maandishi.

Mtaniuliza, na wewe Zuleica ulimi wako ulikuwa wapi? Swali la haki. Mimi ndiye ninayesikika kutoka majarubani mpaka barabarani. Lakini ningesema nini? Kwamba kipozamataza ni mimi, baba, Rizuane ananiita hivyo mwaka mzima sasa? Hilo ningeweza kulimeza. Lililonishinda ni uso wa Hafsa.

Mama alifariki nikiwa na miaka sita, Hafsa ana kumi na minne. Aliacha escola ili mimi nisome. Leo nafundisha darasa la kwanza, naitwa professora, na sare yangu ya kwanza aliishona yeye kwa mkono. Aliwahi kuposwa, miaka saba iliyopita, na mtu wa Mocímboa. Pete ilikuja, kitambaa kikaja, kisha yule bwana akaenda kutafuta kazi Nacala, na mwaka uliofuata akatuma watu waje kuirudisha posa. Posa ikirudi mara moja watu wanakuhurumia. Ikirudi mara mbili wanaanza kukuchunguza. Na jioni ile ya Ijumaa nilimsikia Hafsa akiimba huku anapepeta mchele. Miaka saba sikuwa nimemsikia akiimba.

Basi nikanyamaza na mimi.

Jumapili asubuhi nilikuwa shambani naamia ndege. Mpunga ulikuwa umeshaanza kuinama, na wakati huo ukizubaa kidogo tu kwelea wanakuachia mabua. Nilikuwa juu ya dungu, kamba ya makopo mkononi, nikamwona Rizuane anakuja juu ya tuta, kavaa suruali nyeupe kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Ana mwendo wa watu wa Beira, wa kuangalia mbele tu. Mguu mmoja ukazama kwenye tope mpaka kwenye kifundo, na bado anacheka.

“Salamu alekum, Cotovia,” akasema, akiniita kwa jina alilonipa la Kireno.

“Alekum salaam. Kiatu chako kimekufa.”

“Acha kife. Leo siwezi kukasirishwa na kiatu.”

Akasimama chini, hatua kumi kutoka kwenye dungu, kama adabu inavyotaka. Madungu ya majirani yote yalikuwa na macho. Aliniangalia kwa yale macho yake yanayokuuliza na kukujibu papo hapo, nikavuta kamba ya makopo ingawa hapakuwa na ndege.

“Bwana Mussagy ameniambia,” akasema. “Baba yako amekubali. Zuleica, mimi nimetoka posto mpaka nyumbani kwa mbio, mtu mzima. Nimempigia mama Beira, akapiga vigelegele mpaka simu ikakata. Mbona husemi kitu?”

“Nakusikiliza.”

“Wewe? Unasikiliza?”

Nyuma yetu, juu ya ile sehemu iliyolala bila kulimwa, kipozamataza akapanda. Akapanda mpaka akawa kama punje, kisha akaanza kupiga mabawa yake, prrr, prrr, kama mtu anayechanganya karata. Rizuane akainua kichwa, uso umejaa furaha.

“Huyo mwenzio,” akasema.

Hapo ndipo yote yalipoanzia, pale pale. Mwaka jana escola yetu ililetewa masanduku mawili ya vitabu, tukapewa mimi na yeye tuyapange. Kila kitabu cha mashairi tulichofungua kilikuwa na cotovia. Cotovia anaimba alfajiri, cotovia anapanda mbinguni, msichana mzuri kaitwa Cotovia. Nikamuuliza, huyu ndege ukoje wimbo wake? Akakiri hajamwona tangu azaliwe. Nikacheka mpaka vitabu vikanianguka. Kumbe mtu anafundisha watoto wa watu ndege asiyemjua. Nikamwambia wa kwetu yupo, wa ukoo huohuo, lakini wa kwetu wimbo hana habari nao. Kwanza unasikia mabawa, ndipo unaanza kumtafuta. Nikamleta akamwone. Alisimama kinywa wazi robo saa nzima, kisha akasema, “Ndivyo nilivyokujua wewe. Nilisikia sauti inafukuza ndege, nikaitafuta ilikotoka.” Tangu siku ile mimi nikawa Cotovia wa Kireno na kipozamataza wa Kiswahili, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila nyumbani kwetu peke yake ndiko hayakuwa yamefika.

“Rizuane,” nikasema. “Kwenye ile barua uliandika jina langu?”

“Jina lako?”

“Zuleica. Lina herufi saba tu.”

“Niliandika zaidi ya jina. Hukusomewa?” Bado anatabasamu. “Bwana Mussagy alinionya. Barua ya posa iwe na sitara, nisimtaje mtoto wa watu kama naita mtu sokoni. Basi nikaandika jina ambalo wewe ukilisikia utajijua.”

“Na yeye Bwana Mussagy aliisoma?”

“Mshenga hafungui barua. Alisema mwenyewe.”

“Alisema kweli.” Nikaiacha ile kamba. “Hukuniposa mimi. Umemposa Hafsa.”

Akacheka. Kisha akaniangalia usoni na kicheko kikamwisha. Nikamweleza, neno kwa neno, kama ninavyowaeleza wanangu wa darasa la kwanza: barua isiyo na jina ni ya mkubwa, mkubwa kaulizwa, mkubwa kanyamaza, jibu linatoka leo alasiri. Alikaa juu ya tuta lenye maji na suruali yake nyeupe, wala hakujua kama amekaa.

“Kwa nini hukuniambia? Tangu juzi. Simu unayo.”

“Ningekuandikia nini? Hongera, shemeji?”

“Nakwenda kwa baba yako sasa hivi.”

“Ukamwambie nini?”

“Ukweli. Kwamba nimekosea. Kwamba ninayemtaka ni wewe.”

“Na Hafsa atakuwa amekaa wapi wakati unasema hayo? Nyuma ya pazia, anasikia kila neno. Ameshawahi kurudishiwa posa, Rizuane. Unataka mji mzima useme huyu mwanamke ana nini, kila anayemshika anamwachia?”

“Kwa hiyo nimwoe dada yako.”

“Sijasema hivyo.”

“Umesema nini?”

“Nimesema usiirudishe.”

“Hiyo ni njia ndefu ya kusema lilelile.”

Bibi wa jaruba la pili akapaza sauti, “Zuleica, mwanangu, umelala? Kwelea hao!” Kweli, walikuwa wametua upande wa mashariki, wingu zima. Nikawaangalia wanakula mpunga wa baba. Sikuwa na sauti ya kuwapigia.

“Ananipenda kuliko anavyojipenda,” nikasema. “Nikila, alikuwa anasubiri nishibe ndipo ale. Sasa nimpore mume?”

“Mimi si mume wake. Mimi ni kosa la barua.”

“Yeye hajui.”

“Na mimi? Mimi nikae wapi katika wema wako huo wote? Ninakupenda, Zuleica. Sijui kulisema vizuri leo. Mambo mazuri yote niliyamaliza kwenye ile barua.”

Nilitaka kushuka. Wallahi, miguu ilishaanza kushuka. Nikaizuia kwa kushika nguzo ya dungu kwa mikono miwili.

“Niambie kitu,” nikasema. “Katika vile vitabu vyako, wapo wapenzi wanaomchukia cotovia. Tulisoma pamoja. Wanamchukia kwa nini?”

“Zuleica, acha.”

“Jibu, professor.”

“Kwa sababu akilia ni asubuhi. Na kukiwa asubuhi mwanamume lazima aondoke.”

“Basi jina ulinipa la haki. Ondoka.”

Alisimama. Nilidhani ataondoka kweli, na nilimchukia kwa hilo kabla hajafanya. Akabaki pale, maji yanamchuruzika, anafuta mikono yake kwenye shati kama mtoto.

“Huyo ni wa vitabuni,” akasema taratibu. “Mimi jina lako sikulitoa kwenye sanduku. Nililiokota hapa, kwenye shamba la baba yako, na huyu wa hapa sijamwona akimfukuza mtu. Sikiliza. Sitairudisha posa mpaka uniambie wewe kwa mdomo wako. Nakuahidi. Lakini dada yako sitamwoa. Kwa sababu siku moja, ndani ya nyumba yake mwenyewe, nitamwita kwa jina lako. Hiyo ndiyo aibu, Zuleica. Hiyo nyingine watu watasahau.”

Akaondoka, kiatu kimoja mkononi. Nililia huku navuta makopo, majirani wakadhani nafukuza ndege kwa bidii.

Alasiri Bwana Mussagy alifika, kofia safi, kanzu safi, akaketi barazani na baba. Mimi nilikuwa nimeleta kahawa na tayari narudi ndani, baba akaniita.

“Kaa hapo, Zuleica. Leta karatasi na kalamu.”

“Hafsa ndiye huandika, baba.”

“Mwali haandiki jibu lake mwenyewe. Wewe ni mwalimu. Andika.”

Hilo sikulifikiria kabisa. Siku mbili nimehesabu kila namna ya maumivu, kumbe namna moja ilikuwa imejificha. Nikakaa mkekani, karatasi juu ya goti. Hafsa alikuwa nyuma ya pazia la mlango, niliona ncha za vidole vyake vya miguu. Baba akaanza kuniandikisha: Bismillahi. Kwa kijana wetu Rizuane. Tumeipokea barua yako, tumeifurahia. Nikaandika. Tumekaa na watu wetu, tumeshauriana. Nikaandika. Tumekubali kukupa binti yetu.

“Hapo uweke jina,” baba akasema. “Wazi. Sisi tusifanye ushairi.”

Niliandika H. Mkono ukasimama. Nikaukaza, nikauambia moyoni, hii ni herufi tu, andika nyingine nne mambo yaishe. Tone likaanguka kwenye karatasi, nikalifuta kwa kidole na wino ukatapakaa.

“Baba.”

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Bwana Mussagy alishusha kikombe. Mwali hasemi mbele ya mshenga.

“Baba, sitaki.”

“Nani huyo?” baba akauliza, na nyumba ina wanawake wawili tu.

“Ni mimi, Hafsa. Sitaki kuolewa na huyu mtu.”

“Ijumaa nilikuuliza ukanyamaza.”

“Nilinyamaza, ndiyo.”

“Mwali akinyamaza amekubali.”

“Ndiyo maana leo nasema, baba. Kwa sauti, na Bwana Mussagy anisikie. Sitaki.”

Bwana Mussagy alikohoa, akaangalia kofia yake. Baba aliinua kidevu kidogo, kama anavyofanya anaposikiliza mvua inatokea upande gani.

“Kijana ana kasoro gani?”

“Hana. Ni mtu mzuri. Bwana Mussagy, shikamoo. Kamwambie Hafsa binti Fauzi amemkataa. Unitaje jina langu, na wakikuuliza mjini uwatajie pia, kwamba ni mimi niliyekataa. Na akitaka kuandika tena katika nyumba hii, safari hii aandike jina la anayemtaka.”

Nilikuwa nimeinama kwenye karatasi, siwezi kuinua uso. Nilisikia baba anageuka upande wangu.

“Zuleica.”

“Labeka, baba.”

“Kalamu yako ilisimama kabla dada yako hajasema neno.”

Alinyoosha mkono, nikampa ile karatasi, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa kanzu. “Haya, Bwana Mussagy. Umesikia. Kampelekee alivyosema.”

Nilimkuta Hafsa chumbani anakunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kunjwa. Nilipiga magoti mbele yake, nikaweka kichwa kwenye mapaja yake.

“Usinishukuru,” akasema. “Ukinishukuru nitakupiga.”

“Ulijua tangu lini, dada?”

“Tangu mstari wa kwanza. Mimi lini sauti yangu ilisikika kabla sijaonekana? Mimi hata nikionekana hawanisikii.” Alianza kunisuka nywele kwa vidole, kama zamani. “Na wewe leo umerudi kutoka shambani macho mekundu, mpunga umeliwa nusu. Ulikuwa unataka kunipa mume, Zuleica? Kama unavyonipa kanga zako za zamani?”

Nikacheka na kulia pamoja. “Basi kama ulijua, Ijumaa kwa nini hukusema?”

Vidole vikaacha kusuka.

“Nilitaka siku mbili,” akasema.

“Siku mbili za nini?”

“Za kuposwa na mtu anayeandika vile.” Alisema bila kuona haya, kama mtu anayeeleza amenunua nini sokoni. “Hakuna aliyewahi kuniandikia. Yule wa Mocímboa alituma watu na kitambaa tu. Uliona nilivyoisoma ile barua polepole? Sikutaka iishe.”

Nilimshika mikono yote miwili. Ilikuwa na ile mikwaruzo ya mpunga ambayo mimi, mwalimu, sikuwa nayo tena. Nikamwambia Rizuane ataandika upya, hapana shaka, lakini nitamwomba baba amtafute msomaji mwingine, hata Bwana Mussagy mwenyewe, hata mtoto wa jirani.

“Hapana,” Hafsa akasema. “Barua za nyumba hii nasoma mimi. Ila hiyo nitaisoma haraka, Zuleica. Utanivumilia.”